Kurasa Thelathini na Nne za Mwisho

Nibia alipanga kusoma vitabu vitatu. Aliviandika nyuma ya karatasi ya kukatia kola, kwa penseli nyekundu ya kuchorea vitambaa, akaibandika karatasi hiyo kwa pini ukutani juu ya cherehani yake: cha kwanza wiki ya kwanza, cha pili wiki ya pili, cha tatu muda ukibaki. Hiyo ilikuwa Novemba. Watu husema mipango si matumizi, lakini Nibia alikuwa fundi, na fundi aliyezoea kupima mabega ya watu huamini kwamba hata siku zinapimika.

Alishona makoti meupe ya shule. Nchi nzima watoto huenda shule na koti jeupe na utepe mpana wa buluu shingoni, na pale mjini Treinta y Tres nusu ya makoti hayo yalipita chini ya sindano yake. Februari, kabla ya shule kufunguliwa, hakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Desemba kulikuwa na sikukuu, na sikukuu nani asiyezijua, ni kupika tu. Ilibaki Januari, na ndani ya Januari zilibaki zile wiki mbili ambazo Heber, mumewe, dereva wa lori la kinu cha mpunga, alipewa likizo, na familia nzima ikahamia Aguas Dulces kwenye nyumba ya mbao ya mama yake, mita chache kutoka baharini.

Wiki mbili, basi. Tangu azaliwe Pilar, binti yake mdogo, miaka mitano ilikuwa imepita na Nibia hajamaliza kitabu hata kimoja. Alikuwa amevianza kumi na moja. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri, maana usichana wake wote alikuwa mtu wa kusoma hata kwenye foleni ya mkate. Siku hizi akiulizwa amesoma nini karibuni hujibu kwa mzaha kwamba amesoma maelekezo ya sabuni ya unga. Watu hucheka. Yeye pia hucheka, kisha kicheko kikiisha hubaki na kitu kama njaa.

Vitabu alikwenda kuviazima kwa mwalimu Élida, jirani yake, mwanamke mseja aliyekuwa na vitabu hadi chooni. Mwalimu aliitazama ile orodha, akamtazama na mwenye orodha, akafuta viwili kwa kucha. Akampa kimoja tu, kinene, kisicho na jalada mbele wala nyuma, kilichopita mikononi mwa watu wengi mpaka pembe zake zikawa duara. Kilimhusu mjane mwenye nyumba ya wageni kando ya kituo cha reli ambacho treni imeacha kusimama.

"Chukua hiki peke yake," alisema. "Ukikimaliza, njoo tuongee. Usipokimaliza, usiniletee visingizio."

Siku ya safari Heber alipakia mtungi wa gesi, magodoro mawili, mwavuli wa ufukweni, sufuria, mama yake, na mabinti wawili, Ximena wa miaka kumi na yule Pilar. Mke wake alipokuja na kitabu kifuani, Heber akauliza kama bibie angependa waache mtoto mmoja ili kitabu kipate kiti. Nibia alisema hilo ni wazo zuri, achague yeye ni yupi. Kabla ya kuondoka alifungua ukurasa wa mwisho kuangalia namba tu, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. Mia nne na kumi na mbili.

Siku mbili za kwanza alisoma kurasa tisa, na sita kati ya hizo alizisoma mara mbili. Katika nyumba ile mwanamke aliyeshika kitabu alionekana kama mtu asiyeshika kitu. Akikaa tu, Pilar ana mchanga jichoni. Akikaa tena, Ximena anataka kusukwa. Heber alipotea ndani ya nyumba ya vyumba viwili akitafuta ndala alizokuwa amezivaa. Na asubuhi na jioni palikuwa na mate, ile chai chungu ya majani inayofyonzwa kwa mrija kutoka kwenye kibuyu, maana familia haikai barazani bila kibuyu kuzunguka, na katika familia hiyo mmiminaji alikuwa Nibia: thamosi chini ya kwapa la kushoto, kibuyu mkono wa kulia, ajazie huyu, apokee, ajazie yule. Mungu hakumpa mkono wa tatu wa kufungulia kurasa.

Mama Zulma, mama mkwe, hakusaidia. Alikuwa mjane wa miaka sita, mnyoofu wa mgongo na wa ulimi, na kila alipomwona Nibia akifungua kitabu alisema neno moja lile lile: macho yataharibika.

Lakini ni huyo huyo Mama Zulma aliyekuwa na sheria ya siesta, usingizi wa mchana. Chakula cha mchana kikiisha, kuanzia saa saba na nusu mpaka saa kumi, mtu asiseme, asitembee, asifungue bomba. Marehemu mumewe alikuwa akiitii sheria hiyo, wanawe waliitii, na wajukuu waliitii kwa kulala chali na kutazama dari. Siku ya tatu Nibia alifuta sahani ya mwisho, akasikiliza. Nyumba ilikuwa imezimika. Akatoka kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, akaketi juu ya kreti kwenye kivuli cha jiko la kuchomea nyama, akafungua ukurasa wa kumi.

Ee, jamani. Saa mbili nzima. Hakuna aliyemwita. Upepo wa bahari ulipita, mchanga ukaingia kati ya kurasa, naye akawa anaupuliza na kuendelea. Yule mjane wa kitabuni alikuwa na ulimi mkali na madirisha kumi na manne ya kusafisha, na wageni hawaji, kisha siku moja anakuja mmoja, mpimaji wa ardhi mwenye sanduku kubwa asilolifungua. Nibia alisahau kwamba ana miguu mpaka ikafa ganzi. Alikuwa mwanamke mwenye furaha kabisa, na aliijua furaha hiyo palepale, bila kungoja kuikumbuka baadaye.

Tatizo lilikuwa mahali pa kuficha kitabu. Kikionekana ndani, kila mtu angejua anakokwenda saa saba na nusu, na siku ya pili wangemfuata huko na mchanga wao machoni. Kando ya jiko lile palikuwa na sanduku la mbao la karatasi za kuwashia moto, magazeti ya mwaka juzi na vijitabu vya zamani vilivyoachwa na marehemu. Hakuna aliyeligusa isipokuwa Jumapili, siku ya nyama choma. Nibia akakitumbukiza kitabu humo, chini ya magazeti, akajiambia Jumamosi jioni atakitoa. Ndugu msomaji, wewe na mimi tunaona tayari. Yeye alikuwa ndani ya hadithi nyingine.

Siku nne akaenda hivyo, haba na haba, mpaka ukurasa wa mia tatu hamsini na moja. Jioni, wakikausha vyombo pamoja, alimsimulia mama mkwe kilichotokea siku hiyo, bila kusema ametoa wapi muda. Mama Zulma alisikiliza akiwa amempa mgongo. Hakusifu kitu. Ila jioni ya tatu aliuliza, kama anayeulizia bei ya viazi, huyo mpimaji ana nia gani hasa, na jioni ya nne akasema mjane asimruhusu kuhamia chumba cha mbele, chumba cha mbele ni cha mwenye nyumba.

Jumamosi, kabla ya saa sita, akatokea Dardo, binamu wa Heber, na mkewe, na mbavu za ng'ombe zilizofungwa kwenye gunia. Mgeni hapigi hodi kwa kalenda. Nibia akaingia jikoni kukata nyanya, na Heber, kwa furaha ya mtu aliyeletewa Jumapili siku ya Jumamosi, akaenda kuwasha moto.

Heber alikuwa na fahari moja maishani. Hakuwahi kutumia mafuta ya taa kuwasha moto, aliyaita dawa ya wavivu. Yeye ni karatasi, vijiti, na kiberiti njiti moja. Akaingiza mkono sandukuni, magazeti yalikuwa na unyevu, akaenda chini zaidi, akapata kitu kinene, kikavu, kisicho na jalada. Vitabu vya marehemu, akadhani. Akachana fungu kutoka nyuma, akalisokota, akawasha. Moto ulishika vizuri sana. Aliwaonyesha wageni.

Ximena ndiye aliyekitambua, kwa zile pembe za duara. Alimwambia baba yake kwamba hicho ni cha mama. Heber akapiga moto kwa mikono, akaunguza vidole viwili, na alichookoa kilikuwa jivu. Nibia alitoka na bakuli la saladi akawakuta wote wamesimama kama watu waliovunja kioo cha kanisa. Aliweka bakuli chini. Akakichukua kitabu, akatazama namba ya ukurasa uliobaki nyuma. Mia tatu sabini na nane. Hakuhitaji penseli kufanya hesabu.

Maji yakimwagika hayazoleki, na karatasi iliyoungua hali kadhalika. Nibia hakupiga kelele. Aliandaa meza, akaulizia hali ya watoto wa Dardo, akala mbavu mbili, akachukua ufagio akafagia mchanga barazani, mahali ambapo mchanga haujawahi kuisha tangu dunia iumbwe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Heber, aliyekuwa ameoa miaka kumi na miwili, aliujua mshindo huo. Angependa zaidi apigwe kwa mwiko.

Heber alikuwa na kosa, na Nibia alijua hata yeye alikuwa nalo lake. Ni nani alimtuma kuficha kitabu kwenye sanduku la kuwashia moto? Ndiyo maana hakuweza hata kukasirika vizuri. Alikuwa na huzuni tu, huzuni ya kijinga, ya mtu aliyekaribia mlango akakuta umetiwa kufuli. Zile kurasa ishirini na saba zilizokuwa zimebaki kabla ya pengo alikataa kuzisoma. Za nini?

Jumapili nzima Heber alizunguka Aguas Dulces, mlango kwa mlango, hema kwa hema, akiwauliza watu waliovaa nguo za kuogelea kama wana kitabu cha mjane wa kituo cha reli. Jina la kitabu hakuthubutu kumwuliza mkewe, na jalada lilikuwa limekufa kabla yake. Mwalimu Élida hakupatikana kwa simu ya dukani, alikuwa Brazili kwa dada yake mpaka shule zifunguliwe. Jioni Heber alirudi na vitabu saba alivyopewa na watu wenye huruma, kimojawapo cha magonjwa ya kwato za ng'ombe. Alivipanga mezani mbele ya mkewe.

"Hiki cha kwato kina picha," alisema.

Nibia alicheka, hakuweza kujizuia. Lakini hakugusa hata kimoja.

Jumanne ikanyesha. Na mvua ikinyesha nchini mwetu hakuna mjadala, kila nyumba hukanda unga na kukaanga torta frita, ile mikate bapa yenye tundu katikati, kwa mafuta ya ng'ombe. Mama Zulma alikuwa anakaanga, Nibia anasukuma unga. Mtoto mmoja alikuwa anachora kwenye ukungu wa dirisha, mwingine anahesabu mikate asije akapunjwa. Mama Zulma akageuza mkate mmoja, akasema bila kutazama nyuma:

"Mimi mwisho wake ninaujua."

Nibia akaacha kusukuma. Akauliza mwisho wa nini.

"Wa mjane. Nilisoma ulipokuwa unakwenda kuogelea na watoto. Nyumba hii nimeijenga na marehemu, mbao kwa mbao. Unadhani sijui kilichomo kwenye kila sanduku?"

"Mama, si ulisema macho yanaharibika?"

"Yangu yamekwisha kuharibika, mwanangu. Hayana cha kupoteza." Akautoa mkate, akauwekea sukari. "Kasome mpaka pale mume wako alipochana. Halafu njoo. Mimi sisimulii mtu ambaye hajafika."

Akatoka mlangoni na uma wa kukaangia mkononi akatangaza kwamba kuanzia sasa Nibia anasoma barazani, mbele ya watu, na mwenye mchanga jichoni ampelekee baba yake. Mate atamimina Heber. Heber akamimina: maji moto mno, majani yakaungua, ikawa chungu hata kwa watu wa uchungu. Wote walikunywa, wanyonge kabisa.

Nibia alisoma zile kurasa ishirini na saba siku ileile, miguu juu ya kiti, mvua ikipiga bati. Ziliishia katikati ya sentensi, mpimaji akiwa ameshika mpini wa sanduku lake.

Kesho yake, saa saba na nusu, Mama Zulma alivunja siesta kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile isimame. Alikaa kitandani kwa Nibia, mlango umefungwa, akaanza kusimulia kwa sauti ya chini. Ilichukua siku tatu. Alikuwa msimulizi wa kurusha roho. Alisimama kufunga kitambaa cha kichwa, akarudi nyuma kueleza bei ya makaa, akamwacha mpimaji mlangoni dakika kumi nzima. Sanduku la mpimaji lilikuwa na nguo za marehemu mke wake, asizoweza kuzigawa wala kuzitazama. Mjane akamsaidia kuzikunja. Kisha mpimaji akamwomba wafunge ndoa, mjane akamwambia atafikiri. Siku ya tatu, akiwa bado anafikiri, alimpa mpishi funguo za nyumba, akapanda lori la maziwa, akaenda kuiona bahari, ambayo hakuwahi kuiona. Alikaa mchangani na samaki wa kukaanga kwenye karatasi, akala kwa mikono, na hakuna aliyemwomba chumvi. Baada ya wiki mpimaji akafika na kofia mkononi. Mjane akamwambia anaweza kukaa, ila asiseme kitu mpaka amalize samaki.

"Halafu?" aliuliza Nibia.

"Halafu basi. Anamaliza samaki."

Nibia alilala chali akitazama dari kama binti zake. Kitabu kimoja, kimekwisha, katika miaka mitano. Alijisikia mwepesi na mkubwa. Jioni hiyo alimsamehe Heber rasmi, akampokonya thamosi kwa usalama wa taifa, na siku zilizobaki walizila kwa amani.

Februari ikaja na makoti yake, mamia. Machi mwalimu Élida akarudi, Nibia akaenda kukiri. Mwalimu alisikiliza habari za njiti moja, akasema Heber anastahili kushonewa koti jeupe na kurudishwa darasa la kwanza, na kwamba yeye atatafuta nakala nyingine. Akaipata Juni, Montevideo, kwenye meza ya vitabu vikuukuu, nzima na jalada lake. Kabla hata hajaisoma upya akampitishia Nibia, aangalie zile kurasa zake.

Nibia alizisoma akiwa amesimama kando ya cherehani, kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Sanduku lilikuwa na ramani. Mpimaji aliondoka alfajiri bila kuaga. Katika ukurasa wa mia tatu tisini na nane mjane akashikwa na homa, na katika ule wa mia nne na kumi akafa, uso umeelekea reli. Kurasa mbili za mwisho zilieleza nyasi.

Alivaa koti la baridi akaenda kwa mama mkwe, nyumbani kwake pale mjini, mitaa mitatu tu. Mama Zulma alikuwa jikoni anamenya boga. Nibia hakujua aanzie wapi, akauliza tu:

"Mama, ulifika ukurasa wa ngapi?"

Mama Zulma aliendelea kumenya.

"Wa kumi na mbili," alisema. "Maandishi madogo mno. Mengine ulinisimulia wewe." Kisu kikazunguka boga. "Amekipata mwalimu wako?"

"Amekipata."

"Mwisho vipi?"

"Anakufa. Kwa homa. Anatazama reli."

Mama Zulma akaweka kisu mezani.

"Aliyeandika hivyo hajawahi kufiwa," alisema. "Siku niliyomzika baba yake Heber, na mimi nilidhani sitafika jioni. Nikarudi nyumbani, nikakuta kuku hawajala. Mtu hafi, Nibia. Anakwenda kuwapa kuku."

Nibia alichukua kisu cha pili akakaa, wakamaliza boga lote, wakala supu yake.

Jumamosi alimrudishia mwalimu Élida nakala nzima. Kile kilichoungua alikuwa amekiacha nyumbani juu ya cherehani, na alisema angependa kubaki nacho. Mwalimu akaweka maji ya mate motoni, akamwambia haya, leo ni siku ya kuongea, amekimaliza au ana visingizio?

"Nimekimaliza," alisema Nibia.

Na mwisho wake, ameupenda? Nibia alisema ameupenda sana. Akavua koti, akaanza kusimulia jinsi mjane alivyompa mpishi funguo na kupanda lori la maziwa kwenda kuiona bahari. Mwalimu Élida, ambaye kitabu kile alikuwa amekisoma mara nne na kuujua vizuri mwisho wake, akavuta kiti karibu.